Kipande cha Kuazima

Lilikuwa doa la kijani lisilozidi ukucha wa kidole gumba, limelala chini kabisa ya tuta la bwawa, mahali palipopaswa kuwa pakavu. Setilaiti ilikuwa imelipiga picha katikati ya kiangazi. Vilima, vijia, uwanja wa shule, nyua za watu, vyote vilikuwa na rangi ya mkate uliokaa motoni kupita kiasi. Doa peke yake lilikuwa limenawiri. Lilikuwa na umbo la ulimi, na ncha yake ilikuwa imeugusa uzio wa nyumba ya kwanza.

Fundi Wingu hakuwa akitafuta doa. Alikuwa akitafuta mabati ya bluu. Wiki hiyo kaka yake alikuwa amempigia simu kumtambia kwamba ameezeka nyumba upya, bluu tupu, "hata mwezini wananiona, mdogo wangu." Basi saa ya chakula ilipofika na wenzake wakatoka, akafungua ramani ya bure ya mtandaoni ahakikishe kama mwezini wanamwona kweli. Mabati aliyapata mara moja, yanang'aa katikati ya mapaa yenye kutu, akacheka peke yake kama punguani. Kisha akaisogeza picha kidogo kuelekea kwenye tuta, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Jina la Fundi Wingu alibandikwa na wenzake ofisini, naye alilipenda. Kazi ya chumba chao ilikuwa kuchora ramani kutokana na picha za setilaiti, na wateja wao walikuwa viwanda, idara za maji na kampuni za bima. Picha walizoletewa zilipigwa wakati wa masika, kwa hiyo hazikukosa mawingu. Mchoraji akikuta wingu limekaa juu ya ardhi, huazima: huchukua kipande cha mahali pale pale kutoka picha ya mwaka uliopita, hukibandika juu ya wingu, hulainisha kingo, hulinganisha rangi, na ardhi huonekana tena kana kwamba wingu halikuwahi kupita. Kanuni iliagiza kila kipande cha kuazima kizungushiwe mstari wa nukta ili msomaji ajue. Lakini wateja hawakuzipenda nukta. Walisema zinaifanya ramani ionekane kama nguo yenye viraka, na mkuu wa chumba akaziacha zife kimyakimya. Wenzake walimtania kwamba cha kuazima hakisitiri matako. Yeye akawajibu kwamba cha kwake kinasitiri mpaka vifundo vya miguu. Hayo hayakuwa majigambo matupu. Hakuna chumbani mle aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wake.

Chini ya ramani ile ya bure kulikuwa na mstari wa miaka. Ukiuvuta kushoto unarudi nyuma. Akauvuta. Miaka minne iliyopita hapakuwa na doa. Miaka mitatu iliyopita palikuwa na kitu kama punje ya dengu. Mwaka uliofuata punje ilikuwa imerefuka, na mwaka jana ilikuwa imeanza kushuka kuelekea kwenye nyumba. Akaurudisha mstari kulia, polepole, na doa likakua mbele ya macho yake.

Ndipo akafungua ramani zake mwenyewe. Kiwanda cha karatasi kilichomiliki bwawa lile kilikuwa mteja wao, na kila mwaka yeye ndiye aliyekichorea ramani ya tuta na mtaa ulio chini yake. Alizipanga zote kwenye skrini, moja kando ya nyingine. Chini ya tuta palikuwa pakavu masika yaliyopita, na masika matatu kabla yake. Kichaka kilikuwa kile kile na kivuli chake kile kile. Na pembeni, karibu na njia ya magari, lori jeupe lilikuwa limeegeshwa, halijasogea hata hatua moja kwa miaka yote minne. Wingu lilikuwa limekaa pale pale kila masika, naye kila masika alikuwa ameazima kutoka kwenye kipande alichokuwa ameshakiazima. Kwenye kona ya kila ramani palikuwa na neno "Pakavu" na saini yake.

Aliogopa. Na kwa kuwa hapa hatufichi kitu, tuseme kwamba aliogopa kwanza kwa ajili yake mwenyewe, ndipo akamkumbuka kaka yake. Aibu ya mpangilio huo haikumtoka siku zote zilizofuata.

Kaka huyo ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Alikuwa mlinzi wa tuta kwa miaka ishirini na sita. Kila asubuhi alitembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho na fimbo mkononi, na ada zote za shule za mdogo wake zilitoka katika mwendo ule. Fundi Wingu akampigia.

"Kaka, hapo chini ya tuta kuna kitu cha kijani. Ni nini?"

Kaka akaangua kicheko. "Umeiona bustani ya wifi yako! Si nilikwambia mwezini wanatuona?"

"Bustani?"

"Mboga, vitunguu, nyanya. Mtaa mzima unakula hapo. Kiangazi wenzetu wanatafuna vumbi, sisi tunachuma."

"Na mnamwagilia kwa nini? Kwa mpira? Kwa ndoo?"

Kaka alishusha sauti, kama mtu anayekaribia kumfunulia mwenzake siri tamu. "Hatumwagilii, mdogo wangu. Hata kopo moja. Ardhi yenyewe imebarikiwa."

Mkuu wa chumba alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo ambalo asingependa kuliona. Alizitazama picha zote, za bure na za ofisi, akazirudia, kisha akavua miwani.

"Hii ya mtandaoni haina saini ya mtu," alisema. "Yako inayo."

"Najua."

"Ukiandika kwamba kuna maji, itabidi uandike pia kwamba miaka minne hukuangalia. Kiwanda hakitauliza habari za maji. Kitauliza habari zako."

"Pale chini kuna nyumba arobaini na mbili." Idadi hiyo aliijua kwa sababu alikuwa amezichora zote, paa kwa paa.

"Tungoje picha ya masika. Ikifika tutaichora upya, na safari hii tutaweka nukta zote. Hakuna atakayetunyooshea kidole."

Zilikuwa zimebaki wiki tano masika yaanze, na mvua za masika ndizo zilizolijaza bwawa. Hilo alitaka kulisema. Badala yake alijikuta akiitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake, akamaliza ramani ya soko la mji mwingine. Siku mbili zilipita hivyo. Alijiambia kwamba tuta lina wahandisi wake. Alijiambia kwamba bustani ni bustani tu. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua tangu utotoni, na pengine ndiyo sababu haimshtui mtu tena.

Siku ya tatu wifi yake akampigia, akimtafuta kwa salamu tu.

"Wifi, ungekuwa karibu ningekuletea mchicha, umekuwa mpaka kiunoni. Ila wiki hii kuosha kunanitesa."

"Kwa nini?"

"Yale maji ya pale bustanini yameharibika. Zamani unaona kokoto mpaka chini. Tangu Ijumaa yanatoka na udongo, kama chai ya maziwa. Inabidi nibebe mboga nikaoshee nyumbani."

Katika jalada la mteja kulikuwa na mwongozo wa usalama wa bwawa, kitabu chembamba ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifungua, maana mgongo wake ulilia ulipokunjuliwa. Alichotafuta kilikuwa ukurasa wa tisa. Maji safi yanayopenya chini ya tuta huchunguzwa na kupimwa, kilisema. Maji yakitoka na udongo, tuta linaliwa kwa ndani, na watu wote walio chini yake huondolewa siku hiyo hiyo.

Aliandikia kiwanda barua kwa nusu saa. Hakubakiza kitu: kuazima, nukta zilizoachwa, lori lisilosogea, maneno "Pakavu" manne na saini zake nne. Mkuu wa chumba alisimama nyuma yake akiisoma ikiandikwa, hakumzuia, kisha akavaa miwani yake na kutoka nje. Kiwanda kilijibu kwa mstari mmoja kwamba barua imepokelewa. Kesho yake, kabla watu hawajafika kazini, Fundi Wingu alikuwa safarini.

Miaka minne alikuwa hajafika, na kwa kuzoea kutazama kutoka juu alikuwa amesahau jinsi mahali hapo panavyoonekana kutoka chini. Kwenye skrini tuta lilikuwa mstari wa kahawia. Hapa lilikuwa kilima kilichoziba nusu ya anga, nyasi zake zimekatwa vizuri, na nyumba zimejipanga mbele yake kwa utulivu kama watu waliokaa kusikiliza hotuba. Wifi yake alimpokea kwa vigelegele, akampeleka bustanini kabla hata hajaweka mkoba chini. Ilikuwa bustani nzuri. Ni lazima isemwe hivyo, kwa sababu hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa. Matuta ya vitunguu yalinyooka, nyanya zilikuwa zimefungwa kwenye miti, na kati yake kilipita kijito chembamba kinachotoka ardhini bila kelele. Fundi Wingu akachuchumaa, akatia mkono. Maji yalikuwa ya baridi kuliko hewa ya siku ile. Alipoutoa mkono, mistari ya kiganja chake ilikuwa imejaa udongo laini wa rangi ya tuta.

Kaka alikuja na fimbo yake, akamsikiliza mdogo wake akieleza habari za picha na za ukurasa wa tisa, huku tabasamu likimpungua usoni.

"Unatoka mjini na simu mkononi, unanifundisha tuta langu?"

"Sikufundishi, kaka. Nakuomba uangalie."

"Naangalia kila siku! Miaka ishirini na sita! Najaza fomu. Juu ya tuta, kina cha maji, upande wa bwawa, nyufa, mashimo ya panya. Kila kitu."

"Na huku chini?"

Kaka aliitazama ncha ya fimbo yake. Fomu haikuwa na safu ya huku chini. Huku chini palikuwa kwa mkewe, na mwanamume mwenye adabu zake hamkagulii mkewe bustani. Fundi Wingu aliona jambo hilo likimfikia, likimpita usoni taratibu, na alitamani aangalie kwingine.

"Hata mimi nilisaini," alisema. "Tulisaini wote wawili, kaka. Wewe ulitazama juu tu, mimi nilitazama ya mwaka jana."

Kaka alipiga ardhi kwa fimbo mara mbili tatu. "Siku mbili," alisema hatimaye. "Nitawaambia watu wapande kilimani siku mbili. Kwa heshima yako, si kwa sababu ya picha zako."

Watu walipanda kwa sababu kaka alikuwa hajawahi kuwaomba jambo. Walipanda kwenye uwanja wa shule ulio juu ya kilima, na magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu na bibi mmoja aliyebebwa kwenye kiti chake akilalamika kwamba wanamtikisa. Siku ya kwanza ilikuwa kama harusi. Watu waliokuwa hawajasemezana mwaka mzima walipikiana. Siku ya pili jua liliwachoma, maji ya kunywa yakawa ya kugombania, na fundi baiskeli wa mtaa, mtu mwenye ulimi, akaanza kuuliza kwa sauti kama tuta limeambiwa saa kamili ya kuanguka au linakuja likijisikia. Watu walicheka. Hata Fundi Wingu alicheka, maana angefanya nini? Lakini jicho lake halikubanduka kwenye tuta. Lilikuwa limesimama pale pale, limetulia na majani yake, na kila saa iliyopita lilizidi kumfanya aonekane mjinga.

Siku ya tatu asubuhi alifika mhandisi wa kiwanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na viatu safi na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, naye aliwaamkia wazee kwa heshima kabla ya kufungua bahasha. Ndani yake mlikuwa na ramani.

"Ndugu zangu, poleni kwa usumbufu," alisema. "Bustani tutaifunga, tutamwaga kokoto pale penye maji, mambo yataisha. Tuta hili hukaguliwa kila mwaka. Hii hapa ramani ya mwisho, ya masika yaliyopita, iliyotokana na picha za setilaiti. Chini ya tuta, someni wenyewe: 'Pakavu.' Na aliyesaini ni huyu dada yenu."

Macho yote yakamgeukia. Fundi Wingu akapiga moyo konde, akasimama juu ya benchi la shule ili aonekane. Aliwaeleza yote kwa lugha nyepesi: kwamba palikuwa na wingu, kwamba hakuona kitu, kwamba alichukua picha ya zamani akaibandika na kutia saini, na kwamba alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Alidhani ukweli ukisemwa wote, kwa aibu yake yote, utasimama wenyewe kwa miguu yake.

"Subiri, dada," alisema fundi baiskeli, na mara hii hakuwa akitania. "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule."

"Miaka minne."

"Miaka minne."

"Basi sisi tutajuaje kwamba umeacha?"

Watu walimngoja kwa uungwana. Mtu mmoja akakohoa. Kisha godoro la kwanza likakunjwa, na la pili, na mara uwanja mzima ukawa unafungasha. Hakuna aliyemtukana. Mama mmoja alimpa pole na ndizi mbili za njiani.

Kaka alibaki wa mwisho. Alisimama mbele yake, fimbo kwapani, akimtazama kwa macho yale yale aliyomtazama nayo zamani alipomsindikiza shule siku ya kwanza.

"Mimi nakuamini," alisema.

"Basi usishuke."

"Wote wameshuka. Mlinzi atakaa kilimani, tuta libaki na nani? Nitaangalia huku chini sasa. Nikiona jambo nitapiga filimbi, watakimbia." Alimshika bega, akalibana kidogo. "Wewe ulishasema. Iliyobaki ni kazi yangu."

Akashuka. Mkewe hakushuka. Alimtazama mumewe akipungua njiani, kisha akaketi kwenye benchi kando ya wifi yake, akavua kanga ya kichwani, akaifunga upya, akaivua tena.

Kutoka pale juu mtaa ulionekana wote, karibu kama Fundi Wingu alivyouzoea. Moshi ulianza kutoka jikoni kwa watu, mmoja mmoja. Mtu alikuwa akianika magodoro uani. Mhandisi alikuwa ameegesha gari karibu na bustani, akizungumza kwa simu huku akiruka madimbwi ili viatu visichafuke.

"Wifi," alisema mke wa kaka. "Jana watu wote walikuwa huku juu."

"Wote."

"Hata bibi. Hata kuku." Aliifunga kanga tena. "Mungu anisamehe. Lingepasuka jana."

Fundi Wingu alikuwa ameliwaza jambo hilo tangu asubuhi, na kulisikia likisemwa kulimtia baridi. Siku mbili nzima alikuwa ameliombea tuta livunjike, alilijua hilo sasa, aliomba kwa haki na kwa uchungu wa kuchekwa pia. Leo ilimbidi aombe lisimame. Hakujua kama maombi ya aina hiyo hugeuzwa kirahisi.

"Ndiyo," alijibu. "Jana."

Juu ya tuta alionekana kaka, mdogo kwa umbali, akianza mwendo wake wa kila siku. Alikwenda kwa hatua zake zilizopimwa mpaka katikati, na hapo akasimama. Aliigusisha fimbo chini mbele yake, akaichomeka tena, taratibu zaidi. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya nyasi, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Hakuinuka upesi. Kwenye benchi, mkewe alisimama.